Chupa ya Spiriti Tupu

Bado nina hasira, na sitaki kuambiwa nisamehe. Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa maabara, nikiishi na Mama kule Makongeni. Kila asubuhi nilipitia soko la Burma kuchukua damu ya kuku, na wachinjaji wakinicheka: "Niaje, daktari wa kuku?" Acha wacheke. Katika damu hiyo tulitoa kimeng'enya kinachobandua alama kwenye histoni, zile protini ambazo uzi wa urithi hujizungushia ndani ya seli. Alama zikibanduliwa ovyo, jeni zinazoizuia saratani hufungwa. Sisi tulitafuta kitu cha kukizima kimeng'enya hicho, tukijaribu mizizi na magome yaliyolowekwa kwenye spiriti.

Gome moja likakizima kabisa. Bosi akafurahi, akaandika ripoti. Nilimuuliza mbona hatukupima spiriti peke yake. Akasema kimeng'enya ni haba, na kukitilia spiriti tupu ni kukipoteza bure. Nami, mjinga, nikamwamini, nikaenda nyumbani kumwambia Mama tumepata dawa.

Mama alikuwa na saratani ya titi. Hospitalini walikuwa wamempangia kukatwa titi lenyewe. Aliposikia habari zangu akaacha kwenda. Akatwe ya nini, na mwanawe anatengeneza dawa? Akaingojea miezi mitatu, uvimbe ukikua.

Nikaanza kuogopa. Alhamisi moja bosi akiwa mkutanoni, nilipima spiriti tupu. Kimeng'enya kikazimika vilevile. Gome halikuwa na lolote. Ilikuwa spiriti yetu wenyewe. Bosi aliporudi nikamwonyesha. Akasema ripoti imeshakwenda, nisimharibie jina. Nilimfokea mpaka wenzangu wakatoka vyumbani mwao. Mama yangu anaoza titi, yeye analilia jina.

Lakini ukali huo niliuacha kazini. Ilinichukua siku sita kumwambia Mama, jikoni, akichambua kunde. Nilimwambia yote: hakuna dawa, haikuwahi kuwepo, arudi hospitalini kesho.

Hakulia. Aliniuliza nilijua lini. Nikasema Alhamisi iliyopita. Akaiweka sinia ya mboga chini.

"Jumapili nilisimama kanisani kumshukuru Mungu kwa dawa yako," akasema. "Ulikuwa umekaa kando yangu, mwanangu. Ukapiga makofi."