Mzee wa kijiji cha Kijapani hujibu

Leo mjukuu wangu amenifunga mdomo, mimi niliyefundisha historia maisha yangu yote.

Furaha alirudi kutoka kazini, hapa West Side, mtaa wetu wa Amerika, akawasha mchezo wake wa video wa Kijapani. Ni hadithi ndefu: unapita kijiji kwa kijiji ukiongea na watu.

Nikacheka. "Nani Amerika ananunua vitu hivi?"

"Wachache, babu. Lakini kila mchezo mpya ukitoka tunanunua, halafu tunaomba mwingine. Ndiyo maana Wajapani hawachoki kututafsiria kwa Kiingereza."

"Bon, haya. Wafalme wao wote unawajua. Kijiji changu kule Kivu kinaitwaje?"

Akasimamisha mchezo. Nikadhani nimeshinda.

"Babu, mzee wa kijiji humu mchezoni nikimuuliza, anajibu. Nikirudi kesho, anajibu tena. Wewe nilikuuliza tangu utotoni. Ulisema, 'Acha, hayo yameisha.'"

Ni kweli. Nilikimbia vita, kisha nikaufanya ukimya kuwa heshima ya nyumba.

Daktari ameshaniambia moyo wangu umechoka, kwa hiyo ninakiri mbele yenu, hapa kwenye kundi letu la simu. Wajapani wanatafsiri vijiji ambavyo havijawahi kuwepo, kwa sababu wachache wanaomba. Mimi nilikuwa na mmoja aliyeomba, na kijiji changu kilikuwepo.

Ninyi wa Columbus na Louisville, msinitumie picha za maua. Niambieni, wajukuu wenu bado wanauliza?

Jioni hii nilimwita Furaha, nikamtajia jina la kijiji na kuanza kumsimulia. Simulizi ilipofika kwenye mto wetu, pumzi ilinikatika.

Alikuwa ameshazima mchezo. Alikaa akingoja, nami sikuweza kuendelea.