Kikapu Kinachopika Bila Moto

Chekeni tu, nimeshazoea. Hadi leo kuna mama mboga sokoni Machakos ambaye akiniona huniuliza kama muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, imeiva.

Lawama zote (na sifa zote) ni za Madam Nduku, mwalimu wetu wa ujasiriamali chuoni. Kabla yake nilikuwa nangoja kuajiriwa vile shamba letu la Wamunyu hungoja mvua. Akaingia darasani akasema hataki insha, anataka kitu ambacho mtu atakinunua. Jamani, usingizi ulinipotea! Nikamwomba mwaitu, mama yangu, kiondo kikubwa, nikakitandika ndani vipande vya blanketi, na ikawa ukichemsha muthokoi kidogo asubuhi ukaifunika mle, inaiva yenyewe kwa joto lake, kuni unaokoa. Nyumbani ilikubali kabisa.

Siku ya maonyesho, mshindi angepewa chumba katika karakana ya chuo aanzie kazi, na mimi nilikitaka hicho chumba kufa kupona. Sufuria ilikuwa kikapuni, mwaitu kando yangu na kitambaa chake cha kanisa. Mgeni wa kwanza akauliza, "Hii kitu inapika kweli?" Nikamfungulia aone mvuke (hapo ndipo nilipojichongea). Wa pili nikamfungulia, wa tatu pia, na kila aliyekuja na simu ya kupiga picha nikamfungulia kwa madaha, mwaitu akininong'oneza, "Mutuku, wachana na hiyo sufuria, joto inatoka," nami namjibu, "Mwaitu, biashara ni matangazo."

Waamuzi wakaketi, nikapakua. Nikasikia meno: ka, ka, ka. Mzee mmoja akatoa punje mdomoni akaichunguza, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Madam Nduku peke yake ndiye aliyemaliza sahani. Akafuta mdomo, akasema, "Kikapu hakina shida. Wewe umeshindwa kungoja, na wateja wako pia watashindwa. Enda utengeneze hiyo."

Chumba akapewa mwingine. Lakini nani angekata tamaa baada ya mwalimu kukutafunia mahindi mabichi mbele za watu? Jioni hiyo hiyo nikaanza kushona kifuniko chenye kamba na mafundo ya kumchosha mwenye pupa.

Siku hizi tunauza vikapu pale Kyumbi, mimi na mwaitu (mafundo hufunga yeye, mimi haniamini), na nimeapa sitafunua tena sufuria kabla ya saa yake. Mteja wa kwanza alikuwa Madam Nduku mwenyewe. Nikamuuliza kwa adabu, "Madam, nikufungulie uone ndani?"

"Thubutu uone!"