Mnyapara Aliyebaki Mjini kwa Ajili ya Mzazi

Siku yangu ya kwanza kubeba mtumba, yaani robota la nguo lililokazwa kwa kamba mpaka likawa gumu kama gogo, niliondoka Bagamoyo nikiimba, na wakubwa zangu wakihema nyuma! Kusoma sikusoma, juzuu moja tu. Lakini mabega nilikuwa nayo, na macho. Kwa hayo nilipanda toka mpagazi hadi mnyapara, msimamizi wa wapagazi, na hakuna aliyenishika mkono.

Katika safari ile ya kwanza, kabla ya kufika Msata, Mnyapara Mkuu alinionyesha mtu mstarini. "Yule anayelia miguu mwache, atafika. Mtazame huyu asiyesema kitu. Huyu atautua mzigo porini, akae asiinuke." Kweli, jua halijapinda akakaa. Tukampa maji, tukawagawia wengine mzigo wake, akafika. Nilishika hilo, na nilipopewa kutembea nyuma ya msafara sikupoteza mtu. Waulizeni walio hai!

Basi nikarudi safari moja nikamkuta mke wangu, Mwanahawa, amejifungua mtoto wa kike, arobaini imekwisha, mkunga ameshaagwa kwa leso na ubani. Nyumba nzima inamsifu mzazi: "Ametulia! Haombi kitu, halalamiki." Nikaingia ndani. Amempakata mtoto kama wa jirani, macho ukutani, uji umeganda pembeni. Nikamkumbuka yule mpagazi asiyesema kitu.

"Mwanahawa, umechoka mpaka wataka kuutua?"

Nikachuchumaa mbele yake nikangoja. Akasema, "Bwana, kile kisima cha uani kinaniita. Nao wanasema nimetulia."

Nikamwita mama mkwe. "Kaa naye, usimwache. Namfuata mkunga."

"Mkunga akishaagwa harudi kwa uzazi ule ule, mwanangu. Ni mkosi. Watu watasema nini?"

"Mama, nakuheshimu. Watasema mwanao yu hai."

Mkunga alikuja akinung'unika. Alipomtazama Mwanahawa usoni, akaacha. "Huu ni ugonjwa wa baada ya kuzaa," akasema. "Si uvivu, wala si mama mbaya. Nimeuguza wengine wakapona. Asiachwe peke yake. Apate usingizi, mtoto aletwe kunyonya tu. Na asiambiwe ashukuru!" Mama mkwe akalia, kisha akaenda mwenyewe kufunika kisima kwa mbao.

Msafara ulikuwa unafungasha. Mnyapara Mkuu akapaza sauti mbele ya wapagazi wote: "Simba wangu leo kawa yaya!"

"Yaya hodari kuliko wewe ulivyo mnyapara!" nikamjibu.

Wakaangua kicheko, wakaenda zao, nikabaki. Nilimwogesha mtoto kwa mikono hii, na hakuna mwanamume Bagamoyo nzima aliyeogesha vizuri zaidi! Mwanahawa aliinuka polepole, leo kacheka, kesho kalia, mpaka asubuhi moja akaninyang'anya mtoto: "Lete huku! Unamkaza winda mpaka hapumui!" Nilitaka kupiga mbinja.

Sasa nimeacha safari. Ninyi vijana, mzazi muulizeni waziwazi, mngojeeni ajibu. Jibu likiwatisha, kaiteni msaada siku ile ile, mwacheni anayecheka acheke. Mimi niliyeamrisha misafara, siku hizi hodi mlangoni si zangu tena. Waja waume hata kutoka mashambani, wametota jasho: "Bi Mwanahawa yupo? Mke wangu amejifungua, na hasemi." Nami natimka kwenda kumwita.