Mtangulizi Hafunguliwi Mlango

Irja Kuusela alikuwa na sababu kumi za kuhamia Uhispania na moja tu ya kubaki, na hiyo moja hakupata kumwambia mtu.

Zile kumi mtu yeyote kijijini kwao, kaskazini ya mbali ya Ufini, angeweza kukutajia bila kuombwa. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, baada ya miaka thelathini na minne ya kumenya viazi na kusugua masufuria katika jiko la shule. Jua lilikuwa limeaga wiki ya kwanza ya Desemba na, kama kila mwaka, halikutarajiwa kuchomoza tena mpaka Januari. Kila asubuhi Irja aliketi mbele ya taa ya mwanga mkali aliyoandikiwa na daktari badala ya jua, kikombe cha kahawa mkononi, akijiona kama kifaranga kwenye mashine ya kutotolea. Mdogo wake Tuulikki, msusi aliyehamia pwani ya kusini ya Uhispania miaka ishirini na tatu iliyopita kuwatengeneza nywele wastaafu wa Kifini waliojaa huko, alikuwa amemtengea chumba chenye dirisha linalopigwa na jua mchana kutwa. Na nyumba ilishapata mnunuzi: Noora, muuguzi wa zahanati, mwenye mimba ya miezi saba, pamoja na mumewe. Walitaka jibu ifikapo Ijumaa, la sivyo wangechukua nyumba nyingine mjini.

Sababu ya kubaki ilikuwa nyayo za marehemu mumewe.

Watu wa kaskazini ya Ufini wanajua, ingawa hawalisemi mbele ya wageni, kwamba wapo wenzao ambao sauti hutangulia mwili. Unasikia hatua kwenye ngazi, kitasa kinatikisika, unachungulia, hakuna mtu. Robo saa baadaye mwenyewe anafika. Huyo aliyekuja kwanza wanamwita etiäinen, mtangulizi. Si mzimu, maana mwenyewe yu hai yuko njiani, na wala hawamwogopi kama wanavyoogopa barafu nyembamba ziwani.

Taisto, mume wa Irja, alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji. Alitoka nyumbani saa tisa za alfajiri, na mtangulizi wake alishika saa kuliko basi la serikali. Ikifika saa nane mchana Irja alisikia viatu vikikung'utwa theluji barazani: mguu wa kulia mara tatu, pu, pu, pu, kisha wa kushoto mara moja kwa upole, kwa sababu goti la kushoto liliwahi kuangukiwa na gogo. Basi Irja alibandika viazi. Saa nane na robo Taisto mwenyewe aliingia, akanawa, akakaa mezani. Waliishi hivyo miaka arobaini na mmoja.

"Wanawake wengine wanapigiwa simu," Irja alizoea kumtania. "Mimi naletewa tarishi."

"Tarishi hali," Taisto alijibu. "Mimi nina njaa."

Sharti lilikuwa moja, nalo Irja na Tuulikki walilipokea kwa mama yao wangali wadogo: mtangulizi hafunguliwi mlango. Ukimfungulia ukamkaribisha, umempokea yeye, na mwenyewe hatafika. Mama yao hakuwa mtu wa kurudia maneno, na hili alilirudia.

Siku Taisto alipokufa ilikuwa Februari, miaka mitatu nyuma. Saa nane viatu vilikung'utwa kama kawaida. Irja akabandika viazi. Ikapita robo, ikapita nusu, viazi vikavunjikavunjika chunguni, na gari lililokuja kusimama uani likawa la polisi. Askari mmoja kijana alivua kofia mlangoni akaanza kusema, Irja akamkatiza.

"Ingia ungoje ndani, utaganda hapo. Yuko njiani, nimemsikia sasa hivi."

Askari akaingia akakaa, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Walimngoja Taisto pamoja, muda wa kikombe kizima cha kahawa, kabla yule kijana hajaweza kusema kwamba gari limekutwa limeegeshwa vizuri kando ya barabara, taa zinawaka, na dereva moyo umesimama.

Wakamzika. Siku ya tisa baada ya maziko, saa nane mchana, viatu vikakung'utwa barazani. Kulia mara tatu, kushoto mara moja.

Irja alisimama katikati ya jiko na kisu mkononi. Kisha akafanya kile alichokijua. Alibandika viazi, akakaa akiutazama mlango mpaka saa nane na robo. Hakuingia mtu. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa, na hata mwezi wa Julai, jua likiwaka usiku na mchana na hakuna theluji ya kukung'uta, viatu vilikung'utwa. Miaka mitatu Irja hakufungua hata siku moja. Kama mtangulizi anakuja, basi mwenyewe yuko njiani, na mwanamke gani mwenye akili zake atamharibia mumewe safari akiwa karibu kufika?

Ndiyo maana Noora alipouliza, aliambiwa, "Niache nifikiri, mwanangu." Maana Noora angefungua. Vijana wa leo wanafungulia kila kinachobisha.

Sasa Jumanne ya wiki hiyo ilifika saa nane, Irja kashika sufuria tayari, na barazani kukawa kimya. Akangoja. Saa nane na robo, kimya. Alisikia friji ikinguruma na maji yakipita kwenye mabomba ya ukutani, sauti ambazo kwa saa hiyo hakuwahi kuzisikiliza. Viazi hakubandika. Jumatano kimya tena. Alitoka na tochi akamulika ngazi, ingawa katika miaka yote mitatu hakujawahi kuwa na alama ya kiatu. Theluji ilikuwa imelala sawasawa kama shuka lililopigwa pasi. Akarudi ndani akahisi ameachwa, safari hii kweli, na ilimuuma kuliko siku ya maziko.

Alhamisi adhuhuri simu ikalia.

"We dada, huna haya!" Tuulikki alianza bila salamu. "Miezi mitano unanizungusha, mara nafikiri, mara nangoja, kumbe umeshakata shauri!"

"Shauri gani?"

"Usijifanye. Mtangulizi wako kashafika. Jumanne, saa saba mchana, mtu anakung'uta viatu mlangoni kwangu, ghorofa ya tatu, na huko chini watu wamevaa kandambili! Nikasema huyu ni Irja tu. Nani mwingine atatuletea theluji huku?"

Saa saba ya Tuulikki ni saa nane ya Irja. Irja akavuta kiti akakaa.

"Alikung'uta vipi?"

"Alikung'uta kama mtu anakung'uta. Unataka nikupigie ngoma?"

"Nipigie."

Tuulikki alicheka, lakini akapiga meza kwa kiganja. Tatu nzito. Akanyamaza kidogo. Moja nyepesi.

Tangu Irja aolewe, Tuulikki aliishi mbali na kuja nyumbani wakati wa kiangazi tu, na Taisto alipokuwa hai hakuna alichokikung'uta kiangazi. Hakuwa na namna ya kujua.

"Huyo si mimi," Irja alisema. "Ni Taisto."

"Shemeji alikufa, dada."

"Unaniambia mimi niliyemzika? Anakuja hapa kila siku saa nane, mwaka wa tatu huu. Tangu Jumanne hajaja."



"Na hukuniambia," Tuulikki alisema.

"Ungesemaje?"

"Ningesema ngoja ngoja huumiza matumbo, funga mizigo uje."

"Na mimi ningekwambia mvumilivu hula mbivu."

"Zako zimeshaoza, dada." Lakini utani ulikuwa umemkauka mdomoni.

"Tuulikki," Irja alisema polepole. "Ulifungua?"

Tuulikki akaanza habari za hali ya hewa.

"Nakuuliza, ulifungua mlango?"

"Nilijua ni wewe! Miaka ishirini na tatu niko huku, huku mtu akibisha anafunguliwa. Nilifungua nikasema karibu ndani, mbona umechelewa hivyo. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na maji tu kwenye vigae, kidogo, pale pa kukanyaga. Nikadhani ni yule mama wa ghorofa ya juu anamwagilia maua yake."

"Ukasema karibu ndani."

"Ndiyo."

"Mama alituambia nini?"

Irja akakata simu kabla ya kusikia jibu.

Hasira ndiyo iliyotangulia. Miaka ishirini alimbembeleza Taisto waende angalau wiki moja kumwona Tuulikki, na Taisto hakukubali hata kutengeneza pasipoti. Jua kali namna ile, alisema, ni la kukaangia soseji. Leo amekufa ndiyo kajua kusafiri, tena peke yake, na akaingia nyumba ya watu. Irja alimtukana kwa sauti, matusi ya jikoni aliyokuwa akiwafichia watoto wa shule. Alipomaliza, lile neno la mama yao lilimrudia: mwenyewe hatafika.

"Hayuko njiani," alijaribu kusema. Jiko likasikia, na hakuna kilichombishia.

Dirishani giza la mchana lilikuwa limeshakaza. Kipimajoto cha nje kilionyesha nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Irja alikitazama kwa sababu kilikuwa mbele ya macho yake tu, na ndipo wazo likamjia, taratibu, kama baridi inavyopenya chini ya mlango. Mtangulizi hutangulia mtu aliye nyuma yake. Taisto nyuma yake kulikuwa na nani? Kulikuwa na kaburi, lenye mshumaa alioubadilisha mwenyewe kila Jumapili. Mtangulizi wa mfu hana wa kumtangulia. Ndiye huyohuyo, hakuna mwingine.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Irja alisikia la mkuu, tena kwa utiifu. Siku zaidi ya elfu moja mumewe alifika mlangoni kwake, akakung'uta viatu kama mtu mwenye adabu, akasimama nje kwenye baridi ile, na yeye mkewe akakaa ndani hatua nne tu, akimsikia, viazi vikichemka, asimfungulie. Alikuwa akimngoja Taisto. Aliyekuwa akimngoja ndiye aliyemwacha nje. Na Tuulikki, asiyejua hata namna yake ya kukung'uta viatu, alifungua siku ya kwanza.

Ilimchukua muda kuweza kubonyeza namba. Vidole havikukubali, na safari hii haikuwa baridi yabisi.

Tuulikki alipokea akinong'ona.

"Yuko wapi sasa?" Irja aliuliza.

"Chumbani kwako. Pale dirishani. Kile kiti cha ukili kinalia kama mtu anakaa. Dada, mimi naogopa kupita pale hata na kikapu cha nguo."

"Anasikikaje?"

"Anasikikaje vipi?"

"Tuulikki, nakuomba. Nataka kujua anasikikaje."

Tuulikki alivuta pumzi. "Siku ya kwanza alikaa tu. Kiti kinalia, kinanyamaza. Jana, jua limeingia mpaka kitandani, nilimsikia akivua viatu. Akavua kimoja. Nikangoja pale ukumbini. Baada ya muda mrefu sana akavua cha pili."

Irja alijifunika mdomo. Kwake hakuwahi kumsikia akifika hapo, siku zote ilikuwa kukung'uta tu, kukung'uta na kungoja.

"Dada? Upo?"

"Nipo. Usipite tena pale. Mwache apate joto." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Mwambie nakuja."

"Nimwambie mimi?"

"Si shemeji yako? Ongea naye."

Kisha akampigia Noora, siku moja kabla ya ahadi, akamwambia nyumba ni yenu. Noora alipiga kelele za furaha, na mumewe akasikika nyuma akiuliza kuna nini.

"Kumbe hamu ya jua imekushinda mwishowe, mama," Noora alisema akicheka.

"Ndiyo, mwanangu. Imenishinda."

Alipoweka simu ilikuwa saa nane kasoro dakika chache. Irja alikwenda mlango wa mbele, akazungusha ufunguo, akaufungua wazi wote. Kule kwao kuacha mlango wazi wakati wa baridi ni kosa la mtu aliyerukwa na akili. Ukungu wa baridi uliingia chini chini ukatambaa mpaka miguu ya meza. Barazani hapakuwa na mtu, na alijua hapatakuwa. Alisimama hapo na soksi zake za sufi mpaka saa nane na robo ikapita, machozi yakimgandia mashavuni, akisema karibu, karibu ndani, pole kwa kungoja.