Kocha Msaidizi Aliyekataa Kumwingiza Plamedi

Saa kumi na mbili jioni, katika ukumbi wa michezo wa chuo kimoja hapa Lewisham, kusini mwa London, Gakii anapiga filimbi. Wasichana wa timu ya mpira wa kikapu wanakunja magoti, mikono wazi.

"Shukeni chini," anawaambia. "Mlinzi akisimama wima ni mtazamaji tu."

Bado amevaa sare ya kituo cha wazee alikoshinda kutwa akiwaogesha na kuwalisha. Hapa chuoni halipwi hata nauli ya basi.

Gakii, mzaliwa wa Meru, alichezea klabu moja ya Nairobi kabla ya kuja London mwaka 1998. Sasa ni msaidizi wa Msabaha, mwalimu kutoka Mombasa, ambaye ndiye kocha mkuu wa timu ya wanawake. Msabaha hupanga mashambulizi na kuamua nani aingie. Ulinzi na afya za wachezaji alimwachia Gakii.

"Tukishinda, timu ni yake," anasema Gakii. "Tukifungwa, ulinzi ni wangu."

Februari 2005 walifika nusu fainali ya mashindano ya vyuo, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Wembley. Nahodha wao, Plamedi, binti wa Kikongo, aliteguka kifundo cha mguu akatolewa. Dakika za mwisho, Msabaha akaagiza arudi uwanjani. Gakii akasimama mbele ya benchi.

"Haingii, Kocha."

"Bi Gakii, timu hii ni ya nani?"

"Ni yako. Lakini mguu huu uliniachia mimi."

Plamedi alilia, akasema kwa Kiingereza kwamba yuko sawa. Gakii akamtaka asimamie mguu ule. Hakuweza.

Walifungwa kwa pointi moja. Msabaha akamwambia Gakii, wachezaji wote wakisikia, asikanyage tena ukumbini. Jumatatu Gakii alikuwepo, filimbi shingoni.

"Hakuniajiri," anasema. "Atanifukuza kazi gani?"

Jioni hiyo Plamedi aliingia kwa magongo. Hospitali ilikuta mfupa umepata ufa. Msabaha aliutazama mguu, kisha akawaambia wachezaji, "Bi Gakii akisema mtu hachezi, hachezi."

"Sijamwomba radhi," Msabaha anasema leo. "Na bado ananiudhi. Ila sitaki msaidizi mwingine."

Gakii naye hana mpango wa kubaki msaidizi. Jumamosi anasomea cheti cha ukocha, na mwakani ataomba timu yake mwenyewe.

Akiipata, msaidizi wake atakuwa nani?

"Yeyote," anasema, "mradi ajue kunikatalia."