Mboji yangu ilivyoua bustani ya Bi Zuwena

Wakuu, salaam kwenu nyote humu.

Naandika hili nikiwa na uchungu, na sitaongeza chumvi hata punje. Atakayenitukana nitamvumilia, nastahili.

Naishi Kanyenye, Tabora mjini. Cheti cha kilimo ninacho, kazi sina.

Jirani yangu wa nyuma ni Bi Zuwena, mjane wa miaka sitini na kitu. Marehemu mama yangu alipolazwa, yeye ndiye aliyekuwa anampelekea uji kila asubuhi. Hana pensheni wala mtoto wa kumtumia chochote. Alikuwa anaishi kwa bustani yake ya nyanya na hoho, wateja wake mama lishe wa sokoni.

Mwaka jana nikaanzisha rundo la mboji uani. Nilianza vizuri tu: maganda ya ndizi na viazi, majani ya chai, maganda ya mayai, samadi ya mbuzi. Nyama, mafuta na ugali uliolala sikuweka, vinaita panya.

Tatizo likawa vitu vikavu. Rundo likiwa na mabichi matupu linanuka mtaa mzima, na majani makavu huku kwetu watu wanayachoma. Kuzunguka kuomba nikaona uvivu.

Nikaenda Sikonge kwa mjomba, analima tumbaku. Pembeni ya bani la kukaushia palikuwa na mabua na majani mabovu yametupwa. Nikajaza viroba sita, nikapakia kwenye toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya mizigo.

Sasa hapa wakuu ndipo ninapojichukia.

Chuoni tulifundishwa kwamba ugonjwa wa batobato wa tumbaku unahamia kwenye nyanya na hoho, na kwamba unajificha kwenye mabua makavu muda mrefu. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Nikalipata!

Nikajiambia joto la rundo litamaliza kila kitu. Rundo lenyewe dogo, joto litoke wapi?

Baada ya miezi kadhaa mboji ikawa nyeusi, nzuri kwa macho. Nikampelekea Bi Zuwena matoroli mawili, zawadi.

Akaichambua kwa vidole, akatoa kipande cha bua.

"Mwanangu, hii si tumbaku?"

"Hapana mama, ni alizeti."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilidanganya kwa kuona aibu kurudi na toroli. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Wiki chache baada ya kuhamishia miche, majani ya hoho yakaanza mabaka ya njano, yakajikunja. Nyanya zikafuata. Zilizozaa zikatoa vitunda vya kahawia visivyouzika. Mama lishe wakahamia kwa muuzaji mwingine.

Siku moja nikamkuta ameinama anang'oa. Akaniuliza apulize dawa gani. Dawa haipo, wakuu. Ndipo nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Natamani angepiga.

Akafuta mikono kwenye kanga. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua mama. Nisamehe."

"Nyanya ningekusamehe leo hii. Lakini nilikuuliza, ukaniangalia usoni."

Siku hizi anamenya vitunguu kwa kibarua, kwa mama lishe walewale aliokuwa anawauzia. Shikamoo yangu anaitikia, basi.

Nilichojifunza: usitupe kitu kwenye rundo kabla hujajua kilikuwa mmea gani, kiliumwa nini, na mboji itaenda kwenye mmea gani. Mabaki ya tumbaku yasikaribie nyanya wala hoho kabisa. Na ukiulizwa umeweka nini, taja ulichoweka, hata kama ni aibu.

Juzi aliniita kupitia ua. Alitaka kujua udongo wake utakaa muda gani ndipo upokee nyanya tena. Nikamwambia sijui.

Aliyewahi kupata tatizo hili shambani kwake aniandikie hapa chini alisubiri muda gani na alipanda nini kwanza. Kama ni miaka, andika miaka. Nitamfikishia hivyohivyo.