Kitovu cha Martini Kisichokauka

Ndayikunda alimshuku kila mtu, na mwaka ule wa tisini na saba nani angemlaumu? Warundi waliokimbia vita walikuwa wakikusanywa vijijini upande huu wa mpaka, wakipakiwa kwenye malori na kupelekwa kambini. Yeye alikuwa mmoja wao: alivuka na mimba yake, mumewe akabaki vitani. Pale Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, alijiita Dorotea, Muha mwenyeji wa Manyovu, akaanika dagaa na kusema kidogo, maana mdomo huponza kichwa.

Mwanawe Martini alipozaliwa, kitovu kilidondoka vizuri tu, ila mahali pake hapakukauka. Kila mtoto alipolia, majimaji yalimchuruzika tumboni. Mama hakuuliza mtu. Alishajua mkosaji: Skolastika, jirani aliyemzalisha. Amekifunga kwa kijicho, alisema, kwa sababu dagaa wangu wananunuliwa kuliko wake. Akalisema mwaloni, akalisema kisimani, mpaka wajawazito wakaacha kumwita Skolastika.

Sasa, mwanika dagaa anajua dawa moja tu ya kitu kibichi: chumvi na jua. Ndayikunda akamtia mtoto chumvi kitovuni, akamlaza tumbo wazi kando ya vichanja. Kitovu kikavimba, kikatoa usaha, na homa ikapanda. Hapo ndipo alipokwenda hospitali, akiwaogopa makarani kuliko ugonjwa.

Daktari Joanitha, mtu wa Bukoba, alinusa nguo ya mtoto.

"Mama, huu ni mkojo."

Ndayikunda alidhani anatukanwa. Homa iliposhuka kwa sindano, daktari alipitisha mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo ya mtoto, akaingiza dawa ya bluu. Sumu hiyo, mama akawaza, akamshika mwanawe mguu tayari kumnyakua. Mara ile bluu ikachomoza kitovuni.

"Mtoto akiwa tumboni huwa na kijia kutoka kibofuni hadi kitovuni," daktari akasema. "Kwa kawaida hujiziba kabla hajazaliwa. Cha huyu hakikujiziba. Tutampasua tukiondoe."

"Na aliyemfunga kitovu?"

"Hahusiki kabisa. Angefunga hata malaika, mkojo ungetoka."

Kisha karani akataka ndugu wa kumdhamini mgonjwa, mtu anayejulikana mjini. Ndayikunda akamwinamia mtoto. Aliyeingia mlangoni ni Skolastika, ambaye alikuwa amesikia kwa majirani kuwa mtoto amelazwa, na chupa ya uji mkononi.

"Huyu ni mtoto wa dada yangu," akamwambia karani bila kupepesa.

Martini akapasuliwa, kijia kikatolewa. Siku muuguzi alipofungua bandeji akaikuta kavu, Ndayikunda alifurahi hadi akalia, lakini shaka ilikuwa bado imemkaa. Mtu hakusaidii bure. Akamvuta jirani yake pembeni.

"Unataka nini kwangu? Umesema uongo kwa ajili ya mtu ambaye hata kwao hupajui."

"Napajua." Skolastika alikuwa akimimina uji. "Siku ya kujifungua uchungu ulikuzidi, ukamwita mama yako kwa Kirundi, ukataja na kijiji chenu. Kiha na Kirundi ni ndugu, lakini mimi ni Muha, sikosei. Haya, kunywa, unapoa."

Miezi yote ile malori yalipita Kibirizi, na neno moja la Skolastika lingetosha kumpakiza. Ndayikunda alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa kwa aibu, huku yale aliyoyasema kisimani yakimrudia.